Kadi Mbili za Mfuko Mmoja

Simu ilitetema gizani juu ya kifuniko cha sufuria. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni. Niliikinga kwa kiganja, mwanga usimwamshe mtoto, nikasoma: "Kadi ni halali? Mikono unayoishikia ni safi?"

Huyo alikuwa mnunuzi wa tatu kuuliza hivyo tangu Jumapili.

Kadi zilikuwa mbili, za mwanasoka mmoja, msimu mmoja, zote kutoka mfuko mmoja wa jaketi la mtoto. Kavata, anayeuza mitumba Gikomba, hupekua mifuko kabla ya kutundika nguo. Kadi za mpira, zenye picha za wachezaji, huniletea mimi, nami huziuza mtandaoni kwa watu wa ng'ambo wanaozikusanya. Desturi ya soko lile la mtandaoni ni kupiga picha kadi ikiwa mkononi, mnunuzi aamini kuwa ipo. Wanunuzi walipotaja bei ndogo, mwanzoni nililaumu mwanga wa picha. Nikahamia dirishani, kisha nje penye kamba za nguo. Bei waliyotaja ikazidi kusinyaa. Na usajili wa mtihani wa kidato cha nne, ninaousomea jioni, ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Asubuhi jirani yangu Hikma alikuja kuomba kiberiti. Nikamsomea lile swali kwa sauti, Ayuma wangu wa miaka mitano akitusikiliza, mkate mdomoni.

"Mama Ayuma, hebu ile nyingine niishike mimi," akasema Hikma, akipandisha mkono wa buibui. Babu yake alitoka Yemeni. Mkono wake ni mweupe, hata jua la Majengo limeushindwa. "Tuwatege hawa."

Nikaipiga picha mkononi mwake, nikaiweka mtandaoni. Kabla chai haijachemka, wanunuzi watatu walikuwa wakiigombania. Hakuna aliyeuliza habari za usafi.

"Na unga wa mahamri huu kwenye kucha!" Hikma akacheka. Kisha kicheko kikamfia. "Lakini mchezaji mwenyewe si mweusi kuliko wewe?"

"Yeye yumo kwenye karatasi."

Nikarudi kichwani katika mauzo ya mwaka mzima, nikimshuku kila aliyewahi kuniandikia asante.

Simu ikatetema tena. Mmoja aliyeikosa kadi ya Hikma aliuliza kama tunayo nyingine, kwa bei ileile. Ingetosha usajili. Niliifuta picha yenye mkono wangu, nikamkabidhi Hikma kadi bila kumtazama machoni.

"Una hakika?"

"Shika tu, dada."

Nyuma ya pazia maji yalimwagika. Ayuma akatokea, povu la sabuni likimtiririka hadi viwikoni, akajipenyeza katikati yetu na kunyoosha viganja vyote viwili.

"Mama, nimenawa."