Kichwa Kisichopumua

Binti yangu alipoamua kutengeneza helmeti yenye akili, sikumcheka. Nilimwambia tu, "Mwanangu, na mvaaji naye umtafutie akili." Marehemu baba yake aliendesha pikipiki miaka ishirini na mitatu, na vumbi la barabarani lilimkaa kifuani mpaka alipotutoka. Nilijua helmeti ile anamtengenezea nani, ingawa hakusema.

Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ilikuwa bitana ya ndani na mito midogo ya mashavuni. Yeye alifunga feni ndogo kisogoni, ivute hewa kupitia kichujio na kuileta safi puani. Kwenye kioo cha mbele alitia mshale wa kijani unaoonekana kama umechorwa barabarani: pinda kulia, nyoosha, punguza mwendo. Yote aliyajaribu juu ya kichwa cha plastiki alichoazima kwa jirani yetu msusi. Wiki tatu kichwa kile kilikaa mezani petu kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku yenyewe ikafika. Saa nne angekuja mwenyekiti wa waendesha pikipiki, rafiki wa marehemu, tunayemwita Honi kwa sababu hanyamazi. Akiikubali, wanachama wake wote wataivaa. Akiikataa, binti yangu afunge karakana, arudi kwa tajiri wake wa zamani kubadilisha vioo vya simu. Alikuwa amemwomba tajiri huyo, "Nipe mpaka Ijumaa." Na Ijumaa ndiyo hiyo.

Saa moja asubuhi nilikata uzi wa mwisho, nikaivaa nione kama inabana. Sala zangu sikuwa nimezimaliza, basi nikaendelea nazo humo humo, kwa sauti. Nilipofika kuwaombea wagonjwa, mshale ukafifia. Nilipofika kwa majirani, hata ukuta sikuuona.

"Mama, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Nimefungua mdomo tu. Njoo uone, kioo kimejaa ukungu."

Akaitazama, akaketi sakafuni. "Mbona kwenye kile kichwa haikufanya hivi?"

"Kile kichwa hakipumui, mwanangu. Hakisali, wala hakisengenyi. Honi je?"

"Honi! Huyo ataongea njia nzima. Tumekwisha, Mama."

"Nani kakwisha? Sufuria ukiiziba, mvuke utatokea wapi? Umeingiza hewa, hukuipa mlango wa kutokea."

"Nikitoboa, vumbi litaingia."

"Toboa kidevuni. Mlango niachie mimi."

Akatoboa. Nami nikachukua koti langu la mvua, nikakata kipande cha upana wa vidole viwili, nikakishona nje ya lile tundu, upande wa juu tu, kama kifuniko cha mfuko wa shati. Ukitoa pumzi, kinainuka, ukivuta, kinajibandika. Binti yangu akaivaa, akaimba ubeti mzima wa wimbo. Kioo kikabaki safi, bila ukungu.

Honi alifika akipiga kelele toka barabarani. "Shemeji! Hiyo ni helmeti au jokofu?"

"Ivae. Ukiganda tutakuyeyusha."

Waendesha pikipiki wana kipimo chao. Ukirudi kutoka barabara ya machimbo ya mawe, unapenga kamasi kwenye kitambaa cheupe mbele ya watu. Siku zote kinatoka na rangi ya matofali. Honi akakitia kitambaa mfukoni, akaondoka. Binti yangu akawa anazunguka meza. Mimi nikarudi kwenye sala pale nilipoishia, nikamwongeza Honi kwa wagonjwa, tahadhari tu.

Sauti yake ilitangulia pikipiki.

"Nimeimba kwenda, nimeimba kurudi! Mshale nauona kama pua yangu!"

"Pua yenyewe ndiyo tunayoisubiri," nikamwambia.

Akapenga. Akakitazama kitambaa upande huu na upande ule, kisha akampa binti yangu ashuhudie. Binti akarudisha mikono nyuma. "Naona kutoka hapa, Baba mdogo. Ni cheupe."

Kwa mara ya kwanza Honi alishusha sauti. Akasema, "Ndugu yangu angeipenda hii." Akajikohoza. "Tuko watu thelathini na wanane. Sote. Na hicho kilimi cha kidevuni kisikosekane."

Binti yangu akachukua simu. "Shikamoo, tajiri. Ijumaa imefika. Siji."

Nami nikalitazama koti langu pale kitini. Vilimi thelathini na vinane! Nikamwomba Mungu mvua zichelewe kidogo, nikachukua mkasi.