Sangala wa Chuma wa Kajaga

Tajudini alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha huko Cibitoke, na kazi yake ilikuwa nzuri mpaka siku mzungu mmoja alipopita akapiga picha geti lake. Tangu siku hiyo akawa artiste, yaani msanii. Aliandikisha kibao kwa rangi nyekundu, akaanza kuchelewesha madirisha ya watu, na mteja akilalamika humjibu kwamba chuma nacho kina roho yake, hakiharakishwi.

Basi ziwa likapanda. Huko Kajaga lilikuwa likiila bustani ya mama mkwe wake, Sikuzani, mjane aliyemlea na kumsomesha Soumaya, mke wa Tajudini, kwa lengalenga na nyanya za kipande kile kile cha ardhi. Matuta yalikuwa kumi na moja. Sasa yalibaki manne, na nyuma ya hayo manne ni jiko lake. Chama cha wakazi wa ufukweni kikatangaza mashindano: atakayebuni kazi ya sanaa ya kusimama ukingoni, ivunje mawimbi na kuushika udongo, atapewa ufuo mzima aupambe. Tajudini alijiona keshashinda. Atamwokoa mama mkwe, na jina lake litasikika mpaka Ulaya. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Akachora samaki, sangala wa chuma, mrefu kuliko mtumbwi. Mdomo aliuelekeza barabarani, maana mawimbi hayapigi picha.

Sasa, katika ukoo ule mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani uso kwa uso. Ni heshima. Sikuzani akiwa na neno kwa mkwewe humwambia kuku wake mwekundu, aitwaye Madamu, na mkwe husikia kwa pembeni. Ubaya wa mpango huo ni kwamba neno usilolipenda unaweza kumwachia kuku.

"Madamu," Sikuzani alisema akichambua mboga, "ziwa haiogopake chuma. Hata meli inazamaka. Huu udongo ni laini, unataka mizizi."

Tajudini akajitia hamnazo. Kuku naye hakuchangia.

Kesho yake aliporudi Kajaga, alikuta mlangoni pa mama mkwe rundo la fito mbichi za mivumu, miti ile wanayozungushia nyua huko milimani, utomvu mweupe ungali unachuruzika.

"Madamu, hizi fito bazichimbie muzuri, mistari mbili, pale maji inaanzia."

Mkwe alifurahi: kiunzi cha bure! Alihitaji kitu cha kumshikilia sangala wakati wa kumchomelea. Akazichimbia mistari miwili, akasukia matete katikati, huku akiona aibu kwamba sanaa yake imeegemea takataka. Aliapa kuzing'oa zote siku akimaliza.

Hakuwahi. Rangi haijakauka vizuri, ikaja mvua kubwa na mawimbi yake. Sangala aliinama kidogo, akainama tena kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda, kisha akazama mdomo wazi. Mvuvi mmoja akauliza kama ni wa kukaanga au wa mchuzi. Tajudini akarudi Cibitoke, na kwa miezi miwili hakutia mguu Kajaga. Alisema ana malaria. Malaria ya urefu ule ingemuua ng'ombe.

Ndipo Soumaya aliposimama mlangoni pa karakana.

"We, amka. Comité ya mashindano inakuja Kajaga leo kuangalia. Mama anataka uende."

"Amekwambia we?"

"Apana. Amemwambia kuku."

Alienda huku amejiandaa kuchekwa. Alipofika ukingoni akasimama. Fito zilikuwa zimechipua. Mistari yake miwili ya takataka imekuwa ua wa kijani, matete yamenasa tope, na nyuma yake, palipokuwa maji, pamelala udongo mweusi mpya. Sikuzani alikuwa ameshapanda tuta la tano.

Mzee Rénovat, mwenyekiti wa comité, alimshika mkono kwa nguvu kumpongeza. "Félicitations! Sanaa inayoota! Tuambie, artiste, wazo hili lilikujaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena tamu: kwamba alitaka chuma kijitoe mhanga ili mti uishi. Alimtupia jicho mama mkwe, pale kando ya tuta. Sikuzani alikuwa ametazama chini. Hatamkanusha mkwewe mbele ya wageni, hata akidai kwamba ndiye aliyeliumba ziwa. Mikono yake ilikuwa bado na makovu ya panga, ya siku aliyokata fito zile peke yake. Tajudini aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka.

Akachuchumaa mbele ya kuku, aliyekuwa akidonoa miguuni pa mama mkwe.

"Madamu," alisema kwa sauti, wageni wote wasikie, "waambie hawa wakubwa, hii kazi ni ya mama. Mi nilileta samaki, na samaki alienda kwao. Hata hizi fito nilitaka kuzing'oa."

Mzee Rénovat alimtazama kuku, akamtazama Tajudini, akaivua kofia yake bila kujua anamvulia nani.

Sikuzani alikung'uta udongo mikononi, taratibu.

"Madamu," alisema, "mwambie fundi aingie kula, ugali inapoa. Na kesho akuje na panga. Chuma akiache Cibitoke."