Bunduki ya Bakili na Mafuta ya Nazi

Ukimuuliza Bakili habari za bunduki, tafuta kwanza pa kukaa, maana jibu lilikuwa refu. Alikuwa mlinzi wa duka la dhahabu la Mzee Chandu pale Kariakoo, na walinzi wa maduka ya jirani walikuwa wamemfanya mwalimu wao. Au alijifanya mwenyewe, tusimsingizie mtu.

Somo lake lilikuwa moja tu: chuma kinataka mafuta, tena mengi. Kichupa cha mafuta ya bunduki alichopewa na kampuni ya ulinzi kilikuwa cha miezi mitatu. Yeye alikimaliza kwa wiki mbili, akimwaga kama anayekaanga maandazi. Kuomba kingine kungekuwa kukiri ujinga, kwa hiyo akachukua mafuta ya nazi ya mkewe, Nasma, akaipaka bunduki ndani na nje mpaka ikang'aa. Akajipongeza. Mtu wa pwani atashindwaje na mafuta?

Wiki hiyohiyo Mzee Chandu akafunga kiyoyozi kipya, na kiti cha Bakili kikahamishiwa ndani. Hakuwa amewahi kupata lindo tamu namna ile.

Jumatatu asubuhi akaja Polycarp, mkaguzi wa kampuni. Kila mlinzi aliijua sheria: bunduki yako ikikutwa mbovu, unahamishiwa geti la bandarini, juani, na kirungu mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kagua tu, mwanangu. Hiyo ukiigusa inateleza yenyewe."

Polycarp akatoa risasi zote, akaelekeza mtutu chini, akajaribu kuikoki. Haikuteleza. Akavuta kwa nguvu, wapi. Mwisho akaifungua, akapitisha kidole ndani, kikatoka na kitu cheupe. Akakinusa.

"Mzee, haya ni mafuta ya nazi. Yameganda."

Bakili akatamani ardhi immeze. Amezaliwa Kigamboni, kila Julai alimwona mama yake akianika chupa ya mafuta juani ili yayeyuke, na bado akaenda kukaa na nazi chini ya kiyoyozi.

"Unasafisha kwanza," Polycarp akamweleza taratibu, na upole ule ukamuuma kuliko kufokewa. "Halafu tone moja pale chuma kinaposuguana, yanayozidi unafuta. Ndani ya mtutu unaacha pakavu. Ukimwaga mengi unakusanya vumbi la Kariakoo tu."

Mzee Chandu alikwisha kusogea. "Kwa hiyo jambazi angekuja juzi, ungefanyaje?"

Bakili alikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Akaupima wote, ukamchosha.

"Ningekimbia, bosi. Hata kabla ya haya mafuta ningekimbia. Kule mafunzoni nilifyatua risasi moja, nikafumba macho."

Mzee Chandu akamgeukia mkaguzi. "Bunduki iondoe, niletee mtu wa kuishika. Huyu muache mlangoni kwangu. Anawajua wateja wote kwa majina."

Bakili akainamisha kichwa kama mtu aliyeadhibiwa. Moyoni alikuwa na furaha tupu, ya kwanza tangu akabidhiwe bunduki ile, na hiyo ndiyo aibu ambayo hakumsimulia mtu, hata Nasma.