Chapa Chini ya Pikapu ya Fundi

Kazimili hakuwa na stendi za kuinulia gari. Hakuwa na spana kubwa ya boliti za springi, wala shimo la kuingilia chini, wala macho ya kuona nati bila miwani. Watoto wake wote walikuwa mbali, hivyo hakuwa na wa kumshikia jeki. Tena hakuwahi kufungua springi hata siku moja, na umri wake ulikuwa miaka sabini na mmoja.

Wiki mbili kabla, pikapu yake ilitoka gereji kwa fundi Idefonsi, Biharamulo mjini, ikarudi Nyakisasa na kukatika springi ya nyuma ikiwa imebeba mbuzi watatu tu. Alipompigia simu, Idefonsi aliongeza sauti ili wateja wake wasikie.

"Mzee, gari si ng'ombe, huwezi kulichunga kwa fimbo!"

Kazimili alisikia kicheko cha gereji nzima. Idefonsi huyohuyo alikuwa akitarajia kupewa kazi ya kutengeneza malori mawili ya chama cha wafugaji Murukulazo. Kazimili alikuwa mwanachama. Aliapa kwamba Idefonsi hatayagusa malori hayo.

"Lipeleke kwa fundi mwingine," alisema mkewe, Ng'washi.

"Yupi? Wote wamefundishwa na yeye. Wakikuta alichofanya, watamfichia."

"Na jeki ikiteleza?"

"Utaniita. Nisipoitika, utajua."

"Mzaha huo peleka mnadani, Baba Methusela. Springi ikifyatuka itakuvunja taya."

Alijua mkewe anasema kweli, na kwa siku mbili alilizunguka gari bila kuligusa. Lakini alitaka kuona kwa macho yake. Siku aliyolinunua, alifanya kama baba yake alivyofanya kwa kila ndama: alimwita mhunzi wa Kibimba, akapiga chapa ya ukoo kwenye kila bamba la springi, mistari miwili na kiduara.

Siku ya tatu akaazima spana kubwa, akakata magogo mawili ya mti mgumu, akazuia magurudumu kwa mawe, akaliinua gari kwa jeki na kulishusha juu ya magogo polepole. Hakuingia chini mpaka Ng'washi alipolisukuma kwa bega na gari likakataa kutikisika. Boliti zilimchubua vidole hadi adhuhuri. Mabamba yalipotoka, aliyafuta kwa kitambaa chenye dizeli. Chini ya rangi nyeusi mbichi palikuwa na kutu ya zamani. Chapa haikuwepo hata kwenye bamba moja.

"Si za kwetu hizi," alisema Ng'washi, na safari hii hakumwonya.

Jumatano Idefonsi alikuja mnadani na pikapu yake mwenyewe. Kazimili akavua kofia, akalala chali kwenye tope na kuingia chini yake.

"Mzee anatafuta kivuli!" alipiga kelele mchinjaji mmoja, watu wakacheka.

"Njooni mcheke huku chini," akajibu.

Wafugaji wawili wakainama. Mistari miwili na kiduara. Chapa hiyohiyo ilikuwa kwenye mapaja ya ng'ombe wa Kazimili waliosimama hatua kumi kutoka pale. Kicheko kikakatika, na Idefonsi akatafuta ufunguo wake kwenye mifuko yote.

Kesho yake alifika nyumbani na zile springi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ziweke hapo."

"Nitazifunga mwenyewe."

"Nimejua kufungua, nitajua kufunga."

"Basi yaishe hapa, mzee. Chama kinaamua Ijumaa. Nina watoto wanne."

"Siku ile uliponifanya kichekesho mbele ya watu, ulikuwa na wangapi?"

Idefonsi akaondoka bila kuaga.

Kazimili akaketi mezani kumwandikia Bi Mwatumu, katibu wa chama. Karatasi ya kwanza ilijaa matusi; akaichana. Ya pili aliandika tarehe, hali ya mabamba, chapa, na majina ya wale walioinama naye. Aliona kwamba hiyo ndiyo itakayouma zaidi.

"Springi zimerudi," alisema Ng'washi. "Na mwenzio ameomba radhi."

"Ameomba kazi."

Kazimili akaisoma barua mara mbili, akarekebisha nukta moja, akaikunja. Akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kiganja mpaka gundi ikashika. Kisha akatoka barabarani, akasimamisha bodaboda ya Murukulazo na kumkabidhi dereva.

"Mkononi mwa Bi Mwatumu," alimwambia. "Leo hii."