Viatu vya Eliamani

Nalala mchana kweupe, jua likiwa dirishani, na asiniite mtu mvivu, maana huku Himalaya ndivyo tunavyoambiwa: pumzika leo, kesho alfajiri uvuke mlango. Mlango ni lile pengo la theluji kati ya milima miwili, na upepo wake ukianza saa sita hapiti mtu. Mimi Aikande, binti wa Marangu, nimepanda Kilimanjaro na mizigo ya wageni miaka kumi na minne, kwa hiyo wasiwasi sina, nina raha tu, raha ya kitoto. Mama Dolkar, mwenye nyumba hii ya wageni, anachochea jiko, na chini ya kitanda changu kuna viatu vya mdogo wangu Eliamani, namba arobaini na nne. Jiwe lilimwangukia mlimani kwetu, likamwacha bila miguu. Utotoni tulikuwa tukiutazama mlango huu pamoja, kwenye kalenda iliyotundikwa jikoni kwa mama mpaka moshi ukaila. Siku ya kuondoka akanipa viatu, akasema, dada, angalau hivi vivuke. Nafumba macho, na mlango wa chumba unafunguka wenyewe, na nje ua haupo tena, ni theluji na barabara, barabara zisizo na idadi, na zote zinapanda.

Natoka mbio, viatu vya Eliamani nimevifunga kamba kwa kamba nikavitundika shingoni. Njia panda amesimama kiongozi asiye na uso, mahali pa uso ni peupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana, lakini sauti anayo, tena ya kuudhi. Namwamkia, namuuliza kama mlango uko mbali. Anasema, kwa anayebeba uko mbali, kwa anayevuka umeshapita. Mimi na mafumbo hatuivi, namwambia, bwana, kazi hii naijua, wewe nionyeshe njia tu. Anacheka, anatangulia, nafuata, na tunaingia mji wa mawe uliojengwa juu ya ziwa la barafu, na chini ya barafu kuna mji mwingine uliopinduka, nyumba kwa nyumba, moshi wake unashuka, na watu wake wanatembea nyayo zao zikigusa nyayo zetu. Nacheka peke yangu jinsi nilivyofurahi. Tunatoka mjini, tunapanda, naziona bendera za rangi zikipepea mlangoni, nanyoosha mkono nizishike, na hapo hapo tuko mjini tena, juu ya barafu ile ile. Tunapanda tena, bendera zile, mkono ule, na mji ule. Mara ya tatu jua linakaribia utosi na upepo nausikia ukianza kule juu, naogopa sasa, namfokea kiongozi, unanizungusha wewe. Anasema, sikuzungushi, mtazame aliye chini yako. Nainama. Chini ya barafu, nyayo kwa nyayo nami, yupo Eliamani, amesimama kwa miguu yake miwili, ana soksi tupu, anatetemeka, na ananitazama vile vile anavyonitazama nikimcheleweshea chai. Kiongozi ananiuliza, kitu gani ukikibeba hakifiki? Na mimi, mpagazi wa miaka kumi na minne, mtu ambaye akipewa chochote kwanza anakipima uzito, ndipo naelewa, na najichukia kwa ujinga wangu.

Navua viatu vyangu, navaa vyake, vinanipwaya, na kule chini naona yeye vimemkaa sawasawa. Sisemi pole pole, neno nililowaambia wageni maisha yangu yote. Nasema, twende, mdogo wangu, na tunakimbia, mimi juu yeye chini, barafu inakwisha inakuwa theluji na bado nyayo zake nazisikia zikigonga zangu, anahema, anacheka, bendera zinanipiga usoni, tumepita, na upepo unanisukuma mgongoni naanguka upande wa pili.

Mama Dolkar ananimiminia chai. Jua liko dirishani, milima iko dirishani, na sijui ni ya upande upi, inafanana. Ananiuliza kwa Kiingereza cha kukatakata, unakwenda ng'ambo au unatoka? Nainama kutazama, na miguuni nina viatu vya Eliamani na vinachuruzika maji sakafuni. Labda nilivivaa kwa usingizi nikaenda chooni uani. Nampigia simu Eliamani, na hata salamu hangoji. Dada, umenipitisha wapi wewe? Nimeamka miguu inaniuma, ile miguu, inauma kama ya mtu aliyetoka mlimani. Namuuliza kama inauma sana. Anasema, sana, dada, na naomba isiache.