Mdomo Umejaa Maji

Kikundi cha Fungua Mwenyewe kilikuwa na sheria moja tu, na ilikuwa ya kikatili. Hakuna ukurasa wa kitabu chao cha kujitengenezea vyombo vilivyoharibika uliochapwa kabla ya kujaribiwa na mtu asiyewahi kushika bisibisi. Aliyeuandika alikaa kando, mdomo umejaa maji, asije akadakia. Akimeza au akitema, ukurasa umeanguka.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya fundi wa kutengeneza cherehani waliyemwita Domo, na jina hilo hakuliokota jalalani. Kitabu kilikuwa kinakwenda kuchapwa jioni. Aliutaka ukurasa wake utoke, maana miaka nenda miaka rudi vikaratasi vya kiwandani viliwaambia watu neno moja: usifungue.

Aliyeletwa kuujaribu alikuwa shangazi yake, na cherehani yake aliyozoea kumpelekea Domo kila ilipoanza kuvuruga uzi chini ya kitambaa. Shangazi alivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"'Toa bamba la chini, safisha.' Nisafishe nini?" Akalitoa, akachungulia. "Kumbe humu mna godoro zima."

Akachomoa vumbi la nyuzi kwa kibano cha nyusi. Kicheko kilimbana Domo, maji yakamtafuta puani. Akajikaza kisabuni.

"'Kaza kiasi skrubu ya kikopo cha bobini.'" Hicho ndicho kidude kinachobeba uzi wa chini. Shangazi akamtazama juu ya miwani. "Kiasi cha nani, mwanangu? Changu au chako?"

Kiasi chenyewe kilikuwa vidoleni mwake; haikumpitia akilini kwamba kuna mtu angehitaji kuambiwa. Akakodoa macho, akapunga mikono hewani.

"Tulia wewe, utapaliwa."

Shangazi akakaza mpaka mwisho. Uzi ukagoma kutoka. Akalegeza; alipokining'iniza kwa uzi kama ukurasa ulivyoagiza, kikopo kikaporomoka mpaka sakafuni. Akakiokota, akakaza tena kidogo kidogo, kila mara akikitikisa, mpaka kikashuka kidogo na kusimama.

"Haya. Kama mtoto unayemteremsha mgongoni. Si ungesema hivyo tu?"

Akarudisha kila kitu mahali pake, akashona kipande cha shuka kuukuu. Mshono ukatoka umenyooka, juu na chini. Akaugeuza mara mbili, hakuamini kwamba ni kazi ya mikono yake. Kisha akachukua kalamu, akafuta "kiasi", akaandika habari za mtoto.

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na mstari mmoja uliobaki: "Ukishindwa, mpelekee fundi."

"Fundi yupi? Huyu aliyevimba mashavu?" Akaufuta nao, akaandika: "Ukishindwa, kunywa chai, kisha rudi."

Akavua miwani. "Meza sasa, baba."

Domo akameza. Alikuwa amempoteza mteja wake wa kudumu kuliko wote, na furaha ilimjaa hata akakosa la kusema.