Picha Imeharibika

Kwenye mlango wa duka la fundi wa kompyuta pana kibandiko kilichoandikwa WIFI IPO. Fundi alipofungua tu duka, mtani mmoja alikuja na kalamu ya wino mzito, akaifuta ile I ya IPO na kuandika YU, na tangu siku hiyo mlango unasema WIFI YUPO. Fundi hakukibandua. Kwanza kilimchekesha, na pili kilisema kweli, maana mke wa kaka yake hapitishi wiki bila kuja kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, kumsimulia ya nyumbani na kumchelewesha kazi za watu.

Jumamosi hiyo alasiri wifi mtu aliingia bila salamu. Alikaa, akaweka mfuko wa nguo miguuni, akauweka mkono juu ya tumbo lake lililokuwa limeanza kujulikana, kisha akasema neno moja.

"Imeharibika."

Jamani, kuna maneno. Bisibisi ilimtoka fundi mkononi. Mara mbili wifi yake alishashika mimba, na mara mbili daktari alilitamka neno hilohilo, kwa sauti ileile ya kuhurumia. Fundi alizunguka meza mbiombio, akapiga magoti, akamuuliza kama anatoka damu, kama anaumwa wapi. Wifi alitikisa kichwa tu na kumkabidhi simu. Kwenye kioo paliandikwa: Picha imeharibika. Haiwezi kufunguliwa.

Fundi alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Utaniua wewe," alisema. "Iliyoharibika ni picha."

"Picha ya nani, wifi?"

Fundi aliinuka magotini, akavuta kiti.

Asubuhi ile, wifi alikuwa kliniki akipimwa ultrasaundi. Tangu mimba hii ya tatu ianze hakuwahi kukiita kilichomo tumboni kwa jina lolote. Yeye alisema "hali yangu", basi. Pale kitandani aligeuza uso ukutani, akamwomba mpimaji asimwambie kitu, kiwe chema au kibaya, amtumie tu kwenye simu. Atakwenda kutazama na wifi yake, huyu fundi, kwa sababu mara iliyopita aliambiwa akiwa peke yake, mumewe akiwa safarini na lori kama kawaida, na hataki tena. Mpimaji alikuwa mgeni kazini na mtu wa haraka. Alituma, akafunga chumba, akaenda zake kupumzika, na simu yake sasa ilikuwa imezimwa. Wifi naye, kwa kiherehere, akajaribu kuchungulia njiani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipolisoma lile neno alipitia nyumbani kwanza, akavitoa vifulana alivyokuwa amevificha chini kabisa ya kabati, akavitia kwenye mfuko avigawe. Ndio huo mfuko uliokuwa miguuni. Fundi alipochungulia ndani yake, utani wote ulimwisha.

Alilihamishia lile faili kwenye kompyuta. Jina lake lilikuwa na mkia wa picha. Kila faili lina mkia wake, herufi chache baada ya nukta, zinazotangaza kuwa hii ni picha, hii ni barua, huu ni wimbo. Lakini mkia huo mtu yeyote anaweza kuubadilisha, alimweleza wifi yake, kama yule chizi alivyofanya na kibandiko cha mlangoni. Ukitaka kujua faili ni nani hasa, unapasua matumbo yake na kusoma kichwani, pale ambapo mashine iliyolitengeneza huandika alama yake kabla ya kitu kingine chochote.

Alianza na picha ya harusi ya kaka yake ili wifi aone. Kioo kilijaa takataka, nukta na alama zisizosomeka, lakini juu kabisa, zimetulia tuli, palikuwa na herufi JFIF. Picha zenye mkia ule kwa kawaida ndivyo zinavyojitambulisha. Kisha akafungua faili la kliniki. JFIF haikuwepo. Kichwani palisomeka RIFF, na mbele kidogo AVI.

Fundi alisoma, akasoma tena. Kazi hii ameifanya miaka, na siku zote aliiona ya kawaida kama kufagia. Leo iligeuka kubwa mbele ya macho yake. Faili limepewa jina la uongo, limetumwa kwa jina la uongo, simu imelitangaza maiti, na muda wote huo limeshikilia jina lake la kweli kichwani, likingoja mtu wa kulisoma. Usione vyaelea, vimeundwa. Kuna mtu mahali aliyeliwaza hili zamani, wala hakujua kuwa siku moja litamfaa wifi ya mtu.

"Haijaharibika," alisema. "Wala si picha. Ni video, mpimaji kakosea mkia tu."

Wifi aliuliza tofauti ni nini. Fundi alijibu kuwa picha imetulia na video inatembea, na mara tu alipolisema hilo akauondoa mkono kwenye kipanya. Faili kuwa zima si tumbo kuwa zima. Sasa wangeona kama kuna kinachotembea, au hakuna.

"Nifungue?"

Wifi alisogeza kiti karibu, akafumba macho. "Fungua."

Kwanza palikuwa na ukungu wa kijivu. Kisha kichwa, mgongo uliojikunja, mguu. Na katikati ya kifua, kitu kidogo kama punje ya mchele kikitanuka na kunywea, kikitanuka na kunywea, bila kuchoka, bila kumngoja mtu. Fundi alimshika wifi yake kidevu na kumgeuzia kwenye kioo.

Wifi alifumbua macho. Pale kwenye kioo mkono mdogo ulipanda, ukagusa uso, ukashuka. Video ilipokwisha alisema rudia. Ikarudiwa, na ikarudiwa tena. Mteja mmoja alichungulia kuuliza kama kweli wifi yupo, akawakuta wanawake wawili wameshikana wanalia mbele ya kompyuta, akasema atapita baadaye.

Mwishowe fundi alipenga kamasi, akasema lazima alirekebishe jina la faili, la sivyo simu italalamika tena. Akauliza aandike nini. Wifi aliuinua ule mfuko wa vifulana kutoka sakafuni, akaupakata.

"Andika Mwanangu."

Fundi aliandika, machozi yakamkosesha herufi, akafuta, akaandika tena. Halafu akaweka nukta, na mkia wa kweli.